Likasi: Mwenye mwili mkubwa anaweza kuendesha ndege isiyo na motere? Jibu liko kwenye mizani

LIKASI, Haut-Katanga – Mwezi wa kumi, mbele ya mvua kuanza, jua la saa saba linachoma mabati ya Kikula na Shituru. Ukiinua macho utaona mwewe wakizunguka juu ya mji. Hawapigi mabawa. Wanazunguka polepole, na kila mzunguko unawapandisha, mpaka wanabaki kama nukta. Chini yao, hewa iliyochomwa na ardhi inapanda, nao wanapanda nayo bure.

Kuna ndege ya watu inayofanya vilevile. Inaitwa planeri: ndege nyembamba yenye mabawa marefu, isiyo na motere wala tanki la mafuta. Watu wanajifunza kuiendesha katika nchi nyingi, na katika nchi za Ulaya kijana anaweza kuruka peke yake akiwa na miaka 14. Kwa mtu mwenye mwili mkubwa, swali la kwanza linakuwa lilelile: na kilo zangu hizi, itanibeba?

Jibu fupi ni hili: mara nyingi itakubeba, lakini mpaka kikomo fulani, na kikomo hicho hakibembelezwi. Kilo chache zilizofichwa kwa sababu ya haya zina hatari kuliko kilo nyingi zilizosemwa wazi.

Kilo hazizuii kuruka

Planeri inapandishwa hewani kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza, ndege ndogo yenye motere inaivuta kwa kamba mpaka juu, kisha piloti wa planeri anaachia kamba. Ya pili, mashine iliyowekwa mwisho wa kiwanja inakunja kamba ndefu kwa haraka, na planeri inapanda kwa mvuto huo mpaka piloti anaachia.

Kuanzia hapo, planeri inashuka daima ndani ya hewa iliyoizunguka, kama baiskeli inayoteremka mlima bila kukanyagwa. Lakini mteremko wake ni mdogo sana. ASK 21, ndege ya viti viwili inayotengenezwa Ujerumani na kiwanda cha Alexander Schleicher na kutumiwa na shule nyingi duniani, inaenda mbele karibu mita 34 kwa kila mita 1 inayoshuka. Maana yake, ukiwa mita 1.000 juu ya ardhi na hewa imetulia, unaweza kufika kilomita 34. Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi, safari ya kilomita 120 hivi, ungehitaji kuanzia zaidi ya mita 3.500 juu ya ardhi. Ndiyo maana piloti wa planeri anatafuta hewa ya moto inayopanda, anazunguka ndani yake sawa na mwewe, kisha anaendelea na safari.

Sasa kuhusu uzito. Wengi wanafikiri kwamba planeri yenye mtu mnene itaanguka haraka na haitafika mbali. Si hivyo. Planeri mbili za aina moja, moja nzito na nyingine nyepesi, zina mteremko uleule mmoja. Tofauti ni kwamba ile nzito inapita mteremko huo kwa mwendo mkubwa zaidi. Tuchukue ASK 21, ambayo yenyewe tupu ina uzito wa kilo 360 hivi. Ikiwa na piloti mmoja wa kilo 75, mwendo wake mzuri wa kwenda mbali ni karibu kilomita 90 kwa saa. Akikaa mwenye kilo 105, mwendo huo unakuwa kama kilomita 93. Tofauti ya kilo 30 inaleta kilomita 3 tu kwa saa.

Hata mapiloti wa mashindano wanatafuta uzito kwa makusudi. Wanajaza maji ndani ya mabawa, mara nyingi lita 100 mpaka 200, ili ndege ikimbie zaidi, kisha wanayamwaga hewani mbele ya kutua. Kwa maneno mengine, planeri inaneneshwa asubuhi na kukondeshwa jioni.

Hata hivyo uzito una bei yake. Planeri nzito inapanda polepole zaidi ndani ya hewa ya moto. Inahitaji mwendo mkubwa zaidi ili mabawa yaendelee kuibeba, na inatua kwa kasi zaidi. Kwenye nyanda za juu za Katanga bei hiyo inaongezeka. Likasi iko karibu mita 1.300 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyembamba kuliko ya pwani. Siku ya joto la digrii 30, mabawa yanaikuta hewa kama ile ya mahali penye zaidi ya mita 2.000. Ndege yoyote, kubwa ao ndogo, inahitaji kiwanja kirefu zaidi. Kwa hiyo kilo zinahesabiwa kwa uangalifu zaidi hapa kuliko Matadi.

Ukoo wa planeri ulishapita Likasi

Wakaaji wazee wa Likasi, wakati mji ungali unaitwa Jadotville, waliona kwa macho yao mjukuu mmoja wa planeri, ingawa siku hizo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza ukoo wake. Katika mwezi wa tisa mwaka 1961, askari wa Ireland zaidi ya 150 waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na komanda Pat Quinlan, walizingirwa hapa na majeshi ya Katanga. Juu yao ilikuwa inakuja ndege moja ya jeti, Fouga Magister, ikiwapiga kwa risasi na mabomu. Walipigana siku kadhaa, mpaka wakaishiwa na risasi na maji, wakajisalimisha. Hakuna mmoja wao aliyekufa katika mapigano hayo.

Ndege hiyo ilijulikana kwa mkia wake wenye umbo la herufi V. Umbo hilo lilitoka kwenye planeri. Jina lake kamili ni CM.170, na herufi hizo mbili zinatoka kwa Castello na Mauboussin, wahandisi wawili wa Ufaransa waliokuwa wakitengeneza planeri katika kiwanda cha Fouga. Mwaka 1949 walichukua planeri yao moja na kuibebesha motere ndogo ya jeti mgongoni. Ikaruka vizuri. Kutokana na kazi hiyo wakachora Magister, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1952.

Wahandisi hao waliongeza motere, mafuta na vyuma juu ya wazo la ndege nyepesi, na ikaruka, kwa sababu kila kilo ilijulikana ni ngapi na imewekwa wapi. Mwanafunzi mwenye mwili mkubwa anaulizwa maswali hayohayo mawili.

Vikomo viwili, si kimoja

Ndani ya kila planeri, mbele ya macho ya piloti, kuna kibao kidogo chenye namba. Kinaonyesha uzito wa juu na uzito wa chini unaoruhusiwa kitini. Kwa ASK 21, uzito wa juu wa ndege nzima wakati wa kupaa ni kilo 600. Uzito wa juu wa mtu mmoja kitini ni kilo 110. Uzito wa chini wa anayekaa kiti cha mbele ni kilo 70. Planeri nyingi za Ulaya zina kikomo kinachokaribia hicho cha kilo 110 kwa kiti, na klabu nyingine zinashusha zaidi ili kubakiza akiba.

Hapo ndipo wengi wanakosea hesabu. Mwanafunzi wa kilo 105 anakaa mbele, mwalimu wa kilo 80 nyuma. Ukiongeza kilo 360 za ndege unapata 545. Ongeza parashuti mbili za kilo 7 kila moja: 559. Bado ziko chini ya 600, na mtu anaweza kusema mambo ni sawa. Lakini mwanafunzi pamoja na parashuti yake anakuwa na kilo 112. Ndege nzima ina nafasi, ila kiti chake hakina. Katika klabu ambapo kila mmoja anavaa parashuti, mwanafunzi wa ASK 21 anapaswa kuwa na kilo 103 ao chini yake, nguo na viatu vikiwa ndani ya hesabu.

Kwa nini kiti kina kikomo chake? Sababu ya kwanza ni nguvu ya vyuma na mikanda. Planeri ikitua vibaya, mwili unasukuma kiti na mikanda kwa nguvu inayozidi uzito wake mara nyingi. Watengenezaji wamepima kiti kwa uzito fulani, na juu ya huo hawatoi ahadi.

Sababu ya pili ni usawa wa ndege. Wanaosukuma baiskeli za makala kutoka porini wanalijua jambo hili kuliko wahandisi wengi. Magunia yakiwekwa nyuma sana, gurudumu la mbele linainuka na baiskeli haiongozeki. Yakisogezwa mbele sana, usukani unakuwa mzito. Planeri ni vilevile. Kiti cha mbele kiko mbali na kitovu cha uzito, kwa hiyo mtu mzito sana pale mbele anavuta pua chini, na wakati wa kutua piloti anaweza kukosa nguvu ya kuiinua.

Mtu mwepesi sana naye ana shida, na shida yake inaweza kuwa mbaya zaidi. Kitovu cha uzito kinarudi nyuma, ndege inakuwa na wasiwasi, na ikipoteza mwendo inaweza kuanza kuzunguka kama jani na kukataa kutoka katika mzunguko huo. Ndiyo maana msichana wa kilo 55 anayejifunza kwenye ASK 21 anaongezewa vipande vya madini ya risasi, vinavyofungwa vizuri mahali pake. Mizani haichagui wanene tu. Inamwita kila mmoja.

Kukaa, kufunga, kutoka

Namba ya kilo peke yake haimalizi jambo. Sehemu ya kukaa ndani ya planeri ni nyembamba, na piloti anakaa karibu na kulala, miguu imenyooshwa mbele. Watu wawili wenye kilo 100 wanaweza kuwa tofauti kabisa: mmoja mrefu mwenye mabega mapana, mwingine mfupi mwenye tumbo. Kwa hiyo mbele ya kuruka mara ya kwanza kuna majaribio ya chini, ndege ikiwa imesimama.

Mwanafunzi anakaa, anafunga mikanda yote, kioo cha juu kinafungwa. Kisha anasogeza fimbo ya kuendeshea mpaka mwisho pande zote: mbele, nyuma, kushoto, kuume. Fimbo ikigonga tumbo ao paja mbele ya kufika mwisho, jambo hilo ni zito kuliko kilo zenyewe, maana siku ya shida piloti atahitaji ule mwendo wote wa fimbo. Miguu inajaribiwa pia, ikanyage pedali mpaka mwisho. Mikanda lazima ikaze kwenye nyonga, si juu ya tumbo.

Jaribio la mwisho ni kutoka. Akiwa na parashuti mgongoni, mwanafunzi anafungua kioo, anafungua mikanda, anajiinua na kutoka peke yake, bila kuvutwa mkono. Kwa mwenye mwili mkubwa zoezi hili linachosha, na ni vizuri alirudie. Afadhali jasho la kiwanjani.

Kuna na swali la afya. Leseni inaombwa pamoja na cheti cha daktari, na mwenye uzito mkubwa ataulizwa zaidi juu ya mapigo ya damu, ugonjwa wa sukari, na usingizi wake wa usiku. Wale waliozidi kikomo kwa kilo 4 ao 5 wanaweza kuzipunguza polepole kwa miezi. Kisichofaa ni kukaa bila kula na bila kunywa siku mbili ili mizani ishuke. Piloti wa planeri anaweza kukaa masaa mengi chini ya jua ndani ya kioo, na aliyekauka maji mwilini anakosea kuamua.

Kilo za uongo

Hapa Katanga unene una lugha yake. Mtu akirudi kutoka safarini amenenepa, majirani wanamsifu: maisha yamekuwa mazuri. Mahali pengine mtu huyohuyo anachekwa. Mizani ya kiwanjani haijui sifa wala kicheko, lakini mtu anayesimama juu yake anavijua vyote viwili, na hapo ndipo kishawishi cha kudanganya kinaingia. Anasema 100 wakati ana 109. Ao anavua koti na viatu ili apimwe, kisha anavivaa tena mbele ya kuingia ndani ya ndege.

Katika nchi ya shaba, watu wanaelewa uongo wa mizani. Mchimbaji anayeuza magunia yake anajua kwamba mizani ikificha kilo chache, ni jasho lake lililoibiwa. Kwenye ndege, kinachoibiwa ni nafasi ya kurudi chini mzima.

Kongo ililipa bei hiyo. Tarehe 8 mwezi wa kwanza mwaka 1996, ndege ya mizigo aina ya Antonov 32 ilijaribu kupaa kutoka kiwanja cha Ndolo, Kinshasa, ikiwa na mzigo uliozidi. Ilishindwa kupanda, ikapita mwisho wa kiwanja na kuingia katika soko la Simbazikita. Watu zaidi ya 200 waliokuwa sokoni walikufa.

Miaka saba baadaye, tarehe ileile 8 mwezi wa kwanza 2003, ndege ndogo ya abiria aina ya Beechcraft 1900 ilianguka mara tu baada ya kupaa katika mji wa Charlotte, Marekani. Wote 21 waliokuwa ndani walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba usukani wa mkia ulikuwa umerekebishwa vibaya na mafundi, na vilevile kwamba uzito ulikuwa umekaa nyuma kupita kikomo. Abiria hawakuwa wamepimwa. Walihesabiwa kwa uzito wa wastani uliokuwa umepitwa na wakati. Baada ya ajali hiyo, Marekani ilipandisha namba ya wastani inayotumiwa kuhesabu abiria.

Wanaosafiri kwa ndege ndogo ndani ya Kongo wamezoea kupandishwa juu ya mizani pamoja na mizigo yao, na wengine wanaona ni dharau. Kumbe ni heshima kwa maisha yao. Karatasi iliyobeba kilo za kweli ndiyo inayomwezesha piloti kujua kama kiwanja kinatosha.

Wapi pa kujifunza

Likasi hakuna klabu ya planeri. Mwenye nia lazima asafiri. Upande wa kusini mwa Afrika ndiko planeri zinajulikana zaidi: Afrika Kusini ina klabu kadhaa, na Namibia, hasa mahali panapoitwa Bitterwasser, inavuta mapiloti kutoka Ulaya kila mwaka kwa sababu ya hewa yake ya moto inayopanda juu sana. Katika Afrika Mashariki, klabu ya planeri ya Kenya ilijulikana kwa kuruka kutoka Mweiga, karibu na Nyeri, kati ya milima ya Aberdare na mlima Kenya.

Kwa leseni ya Ulaya, mwanafunzi anatakiwa kufikisha angalau masaa 15 ya mafunzo hewani, yakiwemo 10 pamoja na mwalimu na 2 ya kuruka peke yake chini ya uangalizi, na mara 45 za kupaa na kutua. Leseni yenyewe inatolewa kuanzia umri wa miaka 16. Kwa mwanafunzi mzito kuna jambo moja la kupanga mapema: mwalimu mwepesi. Kilo za watu wawili zinajumlishwa, na mwalimu wa kilo 70 anaacha nafasi ambayo mwalimu wa kilo 100 haiachi.

Faida ya masomo haya haiishii kwenye planeri. Tarehe 23 mwezi wa saba mwaka 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa na mafuta ikiwa juu sana, motere zote mbili zikazima. Mafuta yalikuwa yamehesabiwa kwa ratili mahali pa kilo, hivyo ndege ilikuwa imebeba chini ya nusu ya yale iliyohitaji. Kapteni wake, Bob Pearson, alikuwa piloti wa planeri siku zake za mapumziko. Aliteremsha ndege hiyo kubwa bila motere mpaka kiwanja cha zamani cha jeshi katika mji wa Gimli, na watu wote 69 waliokuwa ndani walipona. Kosa la kilo liliwaweka hatarini, na mazoea ya planeri yakawatoa.

Kwa kijana wa Panda ao Kikula anayeangalia mwewe na kuhesabu kilo zake, hatua ya kwanza haihitaji viza wala dola nyingi. Aende kituo cha afya, asimame juu ya mizani akiwa amevaa nguo na viatu vya safari, aandike namba aliyoiona pamoja na urefu wake, kisha aiandikie klabu anayoitaka mbele ya kununua tiketi. Aulize ni planeri gani wanafundishia, kibao cha kiti kinasema kilo ngapi, na kama wanavaa parashuti. Akiwa chini ya kilo 103, planeri nyingi za shule zitamkubali. Akiwa kati ya 103 na 110, kila klabu ina jibu lake. Akizidi 110, kiti cha aina nyingi kimefungwa kwake kwa sasa, na ni afadhali alijue jambo hilo akiwa bado Likasi kuliko baada ya kulipa safari.